Upanga wa nuru unaozima ukiuweka mweupe: kupanga na kufunga upya vya ndani

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Temeke, Dar. Natengeneza upanga wa nuru, ule wa filamu za Star Wars, na mpini wake wa aluminiamu nimekerezewa mtaa wa Gerezani. Tundu la ndani ni milimita 31, na nafasi kutoka mdomoni hadi kitakoni ni milimita 230. Nimeweka bodi ya sauti ya urefu wa milimita 47, spika ya milimita 28, betri moja ya 18650 (ile ndefu ya mviringo ya lithiamu) niliyoitoa kwenye betri ya laptopu, swichi ya chuma ya milimita 16, na mrija (ule unaowaka kama upanga wenyewe) wenye tepe mbili za taa, kila utepe taa 120. Nyaya nimetoa kwenye kebo mbovu za chaja ya simu. Nikiwasha bluu unakaa. Nikigeuza nyeupe unazima, halafu unatoa ile sauti ya kuanza upya. Sauti yenyewe ni nyembamba na inakwaruza. Je, bodi imekufa? Na nikifumua, nianzie wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Bodi yako ni nzima. Bodi iliyokufa haipigi sauti ya kuanza upya. Kinachotokea ni kwamba rangi nyeupe inavuta umeme mwingi, volti zinaanguka chini ya kiwango ambacho bodi inaweza kuishi, inazima, mzigo unaondoka, volti zinarudi, bodi inajiwasha tena. Tatizo lako liko kwenye betri na nyaya, na dawa yake ni kufumua na kupanga upya, kwa hiyo maswali yako yote mawili yana jibu moja.

Hesabu yake ni hii. Tepe zinazotumika kwenye panga hizi kwa kawaida ni za WS2812B, ambazo kila taa ina macho matatu: jekundu, la kijani na la bluu. Kila jicho likiwaka kwa nguvu zote hunywa takriban miliampea 20. Wewe una taa 240. Bluu peke yake ni ampea 4.8 kwenye karatasi. Nyeupe inawasha macho yote matatu, kwa hiyo ni ampea 14.4. Kwa volti za betri moja hutafika huko, lakini chukua hata ampea 6 tu uone mambo yalivyo.

Nyaya za ndani ya kebo ya chaja mara nyingi zina shaba ya milimita za mraba 0.08. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa takriban omu 0.215 kwa mita. Kwenda na kurudi, pamoja na mikunjo uliyoiacha ndani, ni kama nusu mita: omu 0.107. Mara ampea 6, umepoteza volti 0.64 njiani. Betri ya laptopu iliyochoka inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.1, hapo umepoteza 0.6 nyingine. Ukianza na volti 4.0 unabaki na 2.76. Bodi nyingi zinakata kwenye volti 3 au karibu na hapo.

Sasa badilisha vitu viwili tu. Waya wa milimita za mraba 0.5, ule laini wenye nyuzi nyingi unaouzwa kwa ajili ya spika za gari, una omu 0.034 kwa mita. Kwa nusu mita ileile unapoteza volti 0.1. Betri mpya ya nguvu yenye ukinzani wa omu 0.03 inakula 0.18. Unabaki na volti 3.7 na ushee, na upanga haushtuki.

Kuhusu betri, kuwa mkali sana unaponunua. Kwenye maduka ya tochi Kariakoo utaona 18650 zimeandikwa miliampea-saa 9900. Hakuna 18650 ya hivyo. Nyingi zilizo bora zinazunguka kwenye 3500. Nenda na mizani ndogo: betri halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, na ukiambiwa ina 9900 halafu mizani ikasoma 30, iache palepale. Unachotafuta si uwezo mkubwa wa kukaa na chaji, ni uwezo wa kutoa umeme kwa wingi: betri iliyoandikwa na mtengenezaji kuwa inatoa ampea 10 au zaidi mfululizo, hata kama ni ya 2500. Betri za laptopu nyingi ziliundwa kutoa ampea 4 hadi 5, ndiyo maana bluu yako inapita na nyeupe inagoma.

Angalia pia urefu. Betri isiyo na sakiti ya ulinzi ni milimita 65. Yenye sakiti ya ulinzi kitakoni hufika 69 au 70 na haiingii kwenye kishikio cha kawaida. Sakiti hiyo nayo inaweza kukata ikiona umeme umezidi, na dalili yake hufanana kidogo na yako. Tofauti unaipata kwa multimita: upanga ukizima, pima miguu ya betri mara moja. Ukisoma karibu na sifuri, ni ulinzi umekata. Ukisoma 3.6 au zaidi na bodi inajiwasha yenyewe, ni volti zilizoanguka kwa muda, kama kwako. Na ukiamua kutumia betri isiyo na sakiti ya ulinzi, weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri iwezekanavyo. Mpini ni chuma. Bila fyuzi, waya ukichubuka hakuna kitu cha kuzuia moto.

Kuna watu watakushauri uweke kisakiti cha kupandisha volti hadi 5 ili nyeupe iwake vizuri. Usikubali. Bodi nyingi hutuma data (amri za rangi kwenda kwenye taa) kwa volti 3.3, na taa ya WS2812B inahitaji data ifike asilimia 70 ya volti inayoiendesha. Kwa betri iliyojaa, 4.2, asilimia 70 ni 2.94, na bodi inafika bila shida. Kwa volti 5 inahitajika 3.5, bodi haifiki, na taa zinaanza kumetameta rangi zisizoeleweka.

Sasa fumua. Toa kila kitu, kisha uoshe mpini kwa maji ya sabuni na brashi ya chupa, ukaushe, upitishe kitambaa cheupe ndani. Chembe za aluminiamu zilizobaki kwenye kerezo hukaa kwenye nyuzi za skrubu na kuanguka juu ya bodi siku ukiupunga upanga. Pitisha msasa kwenye ukingo wa ndani wa kila tundu, hasa la swichi. Ukingo mkali huchubua waya taratibu, na mpini wa aluminiamu ukigusana na waya mwekundu upande mmoja na mweusi upande mwingine, betri inawaka moto mkononi mwako.

Kabla ya kugusa pasi ya kulehemu, panga vitu vyote mezani kwa mstari, kwa kipimo cha venia. Kwa vifaa vyako, kutoka mdomoni: kiunganishi cha mrija na mkia wake wa nyaya 30, swichi 25, bodi na nafasi ya kulehemu 50, kishikio cha betri 78, nafasi ya nyaya kupinda 15, spika 12, chumba cha hewa mbele ya spika 15. Jumla 225. Una 230, kwa hiyo umebakiwa na milimita 5 tu. Ndiyo sababu ile mikunjo ya waya haina mahali pa kukaa, na ndiyo sababu kila waya lazima ukatwe kwa urefu wake kamili baada ya kipimo hiki, si kabla.

Sehemu finyu kuliko zote ni chini ya swichi. Swichi nyingi za chuma za milimita 16 huzama ndani zaidi ya milimita 20. Kwenye tundu la 31 unabaki na pengo lisilofika milimita 11, na nyaya zote za mrija lazima zipite hapo. Zilaze bapa, moja kando ya nyingine, usizisokote pamoja. Zikipandana, swichi ikikazwa inazikandamiza, na waya uliokandamizwa hukatika nyuzi moja moja ndani ya mpira wake huku kwa nje ukionekana mzima.

Vitu vyote vikae kwenye fremu moja inayoingia na kutoka kama kitu kimoja. Ukiwa na mtu wa kukuchapia kwa printa ya 3D, mwambie atumie plastiki ya PETG badala ya ile ya PLA. PLA hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililoegeshwa juani mwezi wa pili linaweza kuikaribia hali hiyo kwenye dashibodi. (Betri nayo haitaki joto hilo, usiuache upanga garini.) Bila printa, chukua paipu ya PVC ya milimita 25, ile ya kupitishia nyaya za umeme ukutani. Ipasue kwa msumeno wa chuma upate mfereji, betri inalala ndani yake, bodi unaikalisha kwenye kipande ulichokisawazisha kwa tupa. Nafasi inayobaki kati ya paipu na mpini jaza kwa pete za povu gumu au mizunguko ya tepu, mpaka fremu iingie kwa kusukuma kwa kidole gumba na isitikisike ukiigonga. Mwishoni toboa tundu dogo kwenye mpini na uifunge fremu kwa skrubu moja ya M3 (unene wa milimita 3) ya nailoni.

Njia ya umeme sasa. Ziko mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ni ya umeme mwingi: kutoka chanya ya betri, kupitia fyuzi, moja kwa moja hadi chanya ya mrija kwa waya wa 0.5, bila kupita kwenye bodi. Chanya ya bodi inachukua tawi kutoka hapohapo kwenye fyuzi. Hasi ya mrija inarudi kwenye bodi, kwenye vituo vilivyoandikwa LED, kwa sababu bodi nyingi za aina hii huwasha na kuzima mrija kwa upande wa hasi. Bodi ikiwa na vituo viwili au vitatu vya namna hiyo, viunganishe pamoja kama karatasi ya bodi inavyoruhusu ili umeme ugawane njia. Hasi ya bodi inarudi kwenye betri kwa waya mnene uleule, maana umeme wote wa mrija unapita hapo. Njia ya pili ni ya vitu vidogo: swichi, spika na data. Hizo zinatosha nyaya zako za kebo ya chaja, zitumie huko.

Kwenye waya wa data weka rezista ya omu 330 hadi 470, isipokuwa karatasi ya bodi inasema tayari imo. Inalinda taa ya kwanza ya utepe, ambayo ikifa utepe wake wote unakuwa giza. Pande zote mbili za utepe hakikisha mshale unaelekea juu, kwenye ncha. Utepe uliogeuzwa haupokei data hata kidogo.

Kuhusu kuchaji, ushauri wangu kwa upanga wa aina yako ni betri ya kuchomoa, unaichaji nje kwa chaja ya 18650 inayoishia volti 4.2. Jeki ya kuchajia kwenye mpini ina hatari ambayo watu hawaifikirii: jeki inayotumika sana ni ya milimita 5.5 kwa 2.1, na plagi hiyohiyo iko kwenye adapta za volti 12 za ving'amuzi na ruta ambazo zimejaa kila nyumba hapa mjini. Mdogo wako akichomeka adapta ya king'amuzi, betri inapokea volti 12. Ukishikilia kuweka jeki, ifungwe hivi: pini ya katikati iungwe na chanya ya betri na ya bodi, mguu wa nje na hasi ya betri, na mguu wa tatu, ule unaoachia plagi ikiingia, na hasi ya bodi. Kwa mpangilio huo upanga unajizima unapochaji. Lakini umeme wote wa mrija utapita kwenye ulimi ule mwembamba wa jeki, na jeki za bei rahisi hupata moto hapo.

Kulehemu: pasi iwe nyuzi joto 320 hadi 350, risasi ya 60/40 yenye rozini ndani, na ncha iwe safi. Usiazime tindikali ya mafundi wa mabati na rejeta. Inashika vizuri siku ya kwanza, kisha inakula shaba, na kwa unyevunyevu na chumvi ya hewa ya Dar baada ya muda kiungo kinageuka unga wa kijani. Tia risasi kwenye waya kwanza, tia kwenye kituo cha bodi, ndipo uvikutanishe. Usikae kwenye kituo zaidi ya sekunde tatu, la sivyo kipande cha shaba kinabanduka kutoka kwenye bodi. Waya wa 0.5 ni mnene kwa vituo vidogo, kwa hiyo punguza nyuzi mwishoni, ulehemu, halafu ushikilie waya kwenye fremu kwa tone la gundi ya moto sentimita moja kabla ya kituo ili mvuto usifike kwenye bodi. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala kama kilima chenye mteremko. Kilichokaa kama kidonge cha mviringo hakijashika. Mpira wa kusinyaa kwa moto uvishwe kila kiungo cha wazi, na mgongo wa bodi ufunikwe kwa tepu ya Kapton, ile isiyopitisha umeme na inayovumilia joto.

Swichi iwe na plagi ndogo kwenye nyaya zake, la sivyo hutaweza tena kuitoa fremu. Kama tundu la swichi lina nyuzi, kila mzunguko wa kukaza unasokota waya. Kabla ya kuikaza, zungusha nyaya kinyume mizunguko mitatu, zitajifungua zenyewe wakati swichi inaingia.

Sauti nyembamba ni kwa sababu hewa ya mbele ya spika na ya nyuma zinakutana na kufutana. Ziba pengo kati ya ukingo wa spika na mpini kwa pete ya povu pande zote, isibaki hata ufa. Mbele acha zile milimita 15, na kitako kiwe na matundu ya kutolea sauti. Tundu moja dogo la katikati halitoshi, mwambie fundi wa kerezo atoboe sita ya milimita 4. Kukwaruza kuna sababu mbili za kawaida: waya unaogusa kitambaa cha spika, au chembe za chuma za tupa zilizovutwa na sumaku yake. Pitisha tepu yenye gundi taratibu juu ya spika, utaziona zikitoka. Hakikisha pia spika ni ya omu zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya bodi. Omu 4 kwenye bodi ya omu 8 inalemea kikuza sauti.

Bodi ina kihisi kinachopima mwendo, ndicho kinachojua umepunga au umegonga. Ikikaa kwa kulegea, upanga utapiga sauti ya kugongana kila ukiunyanyua. Ibane kwa skrubu au tepu ya povu nyembamba, sambamba na mpini, isipinde. Betri nayo ibanwe kwa povu pembeni: yenye gramu 45 ikichezacheza kwenye springi, mguso unakatika kwa kufumba na kufumbua, na utarudi palepale kwenye sauti ya kuanza upya ukidhani tatizo la kwanza halijaisha.

Kuwasha mara ya kwanza kuwe nje ya mpini, mrija ukiwa pembeni. Bila betri, pima chanya na hasi kwa multimita kwenye mlio. Ikilia mfululizo kuna mahali panagusana. Weka fyuzi ya ampea 2, ndipo uingize betri. Bodi na spika peke yake hazifiki hapo, kwa hiyo fyuzi ikikatika tafuta kosa kabla ya kuendelea. Sauti ikitoka vizuri, badilisha fyuzi ya ampea 10, unganisha mrija, washa bluu, kisha nyeupe, na upime volti kwenye vituo vya bodi, si kwenye betri, nyeupe ikiwa imekaa dakika mbili. Ikibaki juu ya 3.4, umemaliza. Ikishuka zaidi, pima tena kipande kwa kipande: betri hadi kishikio, kishikio hadi fyuzi, fyuzi hadi mrija. Palipo na tofauti kubwa kuliko volti 0.1 ndipo pabovu, na mara nyingi ni springi ya kishikio cha bei rahisi. Lehemu waya juu ya springi hiyo, kutoka ncha hadi kitako chake, tatizo linaondoka.

Nyeupe ikiwa nzuri shinani lakini ya rangi ya chungwa nchani, kosa liko ndani ya mrija: bluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, na zinaishiwa kabla ya kufika juu. Peleka waya wa pili wa chanya na hasi hadi nchani, au punguza mwangaza kwenye mipangilio hadi asilimia 60. Jicho halitaona tofauti kubwa usiku, na betri itakaa muda mrefu zaidi.

Ukishaingiza fremu, kabla ya kukaza skrubu ya M3, pima mara ya mwisho kati ya mwili wa mpini na chanya, kisha mpini na hasi, betri ikiwa nje. Multimita isilie upande wowote. Ikilia, toa fremu na uangalie kwanza zile nyaya zilizo chini ya swichi.